Blanketi la Babu Liang

Juzi nilipita kando ya mfereji ulio nyuma ya maduka ya nguo ya Shisanhang, soko la jumla la Kichina, nikaiona ile pete ya chuma ukutani. Imepakwa rangi mpya, na hakuna mashua iliyofungwa.

Nilipokuwa mtoto, Mama alipokwenda madukani kununua mzigo wa kupeleka Mwanza, aliniacha kwa Babu Liang, mzee aliyezoa takataka mferejini kwa mashua yake. Mashua zilifungwa ubavu kwa ubavu, ya kwake ikiwa ya mwisho. Alinifundisha kuvua viatu na kupita kwenye omo za wengine, sehemu za mbele za mashua, maana huko nyuma ndiko watu walikopikia. Palinuka dizeli na tangawizi.

Alasiri moja akaja afisa wa leseni, akapita katikati ya mashua na viatu vyake miguuni. Babu akamwonyesha karatasi ya leseni, akasema yeye hulala kwa binti yake. Afisa akaniinamia. "Eti, babu analala wapi?"

Nikadhani babu amesahau. Nikainua ubao wa sakafu ya mashua, nikamwonyesha blanketi, mswaki na picha ya marehemu mkewe.

Leo najua leseni ile ilikuwa ya kazi tu, kulala humo kulikatazwa. Siku ile nilingoja kusifiwa.

Afisa akaitia leseni mfukoni. Babu hakunigombeza. Alikunja blanketi, akavua viatu, akapita omo moja baada ya nyingine, akiwainamishia majirani kichwa. Nilimfuata hadi ukutani.

"Babu, utarudi lini?"

"Vaa viatu," alisema. "Mama yako anakuja."