Noti Niliyoipiga Pasi

Mtu asiniite tena mtaalamu wa noti za zamani. Mimi hubadilisha pesa Mabamba, mpakani, na noti niliyoithamini kuliko zote marehemu baba, aliyekuwa mpishi wa mmisionari, aliachiwa naye: dola ya kale, pana kama bahasha, yenye jina la benki ya mji mdogo wa Marekani.

Juzi binti wa mmisionari huyo, sasa bibi mwenye mvi, alinipigia simu kwamba anakuja kuiona. Nikaona aibu, maana hapa mpakani dola chafu haipokelewi. Nikaifua kwa sabuni ya unga, nikasugua hasa michirizi ya kahawia pale chini, kisha nikaipiga pasi ya mkaa ikanyooka kama shati la Jumapili.

Nilimkabidhi kwa mikono miwili. Aliisogeza dirishani, akaigeuza, akaigeuza tena.

“Mwanangu,” alisema kwa Kiswahili chake cha utotoni, “babu yangu alikuwa meneja wa benki hii. Noti zao alizisaini kwa mkono wake. Hatuna mwandiko wake mwingine.”

Akagusa pale chini kwa kidole. Palikuwa peupe, pamenyooka vizuri.