Uwanja Usioonekana Kwenye Video

Mwaka ambao mwanangu wa pekee alikwenda kusoma Kinshasa, nyumba yangu ya Kampemba ilinishinda. Nilikuwa naosha sahani ambazo zimekwisha kuoshwa. Nilikuwa natoka hadi barabarani bila safari yoyote, nasalimia watu wawili watatu, narudi. Baba yangu, fundi mstaafu wa reli aliyekuja kuishi nami baada ya mama kufariki, alikuwa ananitazama kutoka kitini kwake.

"Mama, ikala chini," aliniambia, kama wazee wa kwetu wanavyowaita binti zao. "Unanichokesha macho."

Sikukaa. Wiki hizo hizo mwanamke mmoja aliingia katika duka la vitabu ninakofanya kazi, mjini, akauliza kama tuna kitabu chochote cha kufundisha kuruka kwa parachuti. Nilidhani nimesikia vibaya. Alikuwa wa rika langu, amezaliwa hapa Lubumbashi na wazazi waliotoka Kasai, amejifunza kuruka Afrika Kusini, na sasa alikuwa anafundisha kikundi kidogo kwenye kiwanja cha ndege cha udongo, upande wa barabara ya Kasenga. Kitabu hatukuwa nacho. Badala ya kumwambia hivyo tu, nilimuuliza wanakutana lini. Jumamosi iliyofuata nilikuwa huko, nimevaa viatu vya kuchezea mpira vya mwanangu.

Mtu wa vitabu hawezi kusubiri afundishwe. Kabla ya somo la pili nilikuwa nimekwisha kununua, kwa wauzaji wa vitabu vikuukuu wa kando ya barabara, kitabu kinene cha Kifaransa kilichoandikwa zamani kwa ajili ya askari wa parachuti. Kilikuwa na picha za rangi nyeusi na nyeupe, zinazoeleweka vizuri, nami nilikisoma kwenye basi, kwenye foleni ya maji, hata kanisani nikiwa nimekiweka juu ya kitabu cha nyimbo. Umeme ukiwapo, nilitazama video kwenye simu pamoja na baba.

"Ule muntu, banamusukuma?" aliuliza.

"Hapana, Papa. Anaruka yeye mwenyewe."

"Yeye mwenyewe! Na bibi yake anajua?"

Siku ya somo la pili mwalimu alinifunga mikanda na kunining'iniza kwenye boriti ya banda la ndege, miguu ikielea. Akasema, "Parachuti yako imekataa kufunguka vizuri. Fanya!" Mikono yangu haikusita. Ilikwenda moja kwa moja tumboni, ikatafuta, ikakuta shati.

"Nani alikufundisha hivi?"

"Kitabu," nikasema.

Nilikitoa kwenye mkoba, akakipekua taratibu. Zamani, akanieleza, parachuti ya akiba ilikuwa inafungwa tumboni. Zetu zote mbili, kubwa na ya akiba, ziko mgongoni, na mishikio iko kifuani: wa kulia wa kuitupa iliyoharibika, kisha wa kushoto wa kufungua ya akiba. "Kitabu hiki hakisemi bongo, hakidanganyi. Kinasema kweli ya bintu bingine. Lakini mikono yako haijue tofauti, na kule juu mikono njo inafikiri." Akakiweka kwenye gari lake, mbali nami. Halafu akanigeukia. "Weye uko muntu wa bitabu. Utuchagulie bitabu na video ya banafunzi. Paka kimoja, kimoja tu: usipatie muntu kitu mbele miye sijakiona."

Nikaanza kuchagua, na kazi hiyo ikaniongezea wasiwasi. Nilitazama dukani saa ya chakula, sahani ikipoa mbele yangu. Video nyingi zilikuwa za watu ambao wanajua tayari: muziki mkubwa, kucheka, kamera kwenye kofia, mtu anageuka geuka kama kiganja. Nilishuka moyo baada ya kila moja, kwa sababu zilinionyesha kwamba inawezekana bila kunionyesha namna. Kisha nikaangukia video za ajali. Nilizitazama nyingi mno, na kwa siku kadhaa nilikuwa nashtuka mtu akifunga mlango. Nilipompelekea mwalimu, alitazama moja tu, akanirudishia simu.

"Umejifunza nini hapa?"

"Nimeogopa."

"Na ungefanya nini?"

Nikaanza kuirudisha video nyuma nitafute. "Basi futa," akasema.

Aliyoipenda ilikuwa video iliyonichosha mwanzoni. Mtu ananing'inia chini ya parachuti ambayo kamba zake zimejisokota, na sauti inaeleza polepole: shika mikanda, ivute mbali mbali, piga teke kama mtu anayeendesha baiskeli, angalia urefu uliobaki. Mwalimu aliisimamisha katikati, akatuuliza mmoja mmoja tungefanya nini, halafu ndipo akaiachia iendelee. Nikaelewa ninachotafuta. Niliongeza kijitabu chembamba chenye michoro ya namna ya kutua, miguu pamoja, magoti yamelegea, unabingirika ubavuni. Nilijizoeza uani, nikiruka kutoka kwenye kigoda, baba akilalamika kwamba majirani watafikiri tumeanzisha dini.

Aliyefuata mambo yangu kwa bidii kuliko wote alikuwa mwanafunzi mwenzangu, mwanamume mwenye duka la vipuri vya magari. Alitazama kila nilichompa, akarudi na maswali. Yeye ndiye aliyeruka kwanza. Ilikuwa wakati wa kiangazi, majani yanachomwa kila mahali, na uwanja wetu una vichuguu, vile vikubwa vya kwetu ambavyo ng'ombe anaweza kujificha nyuma yake. Parachuti yake ilifunguka vizuri. Alikuja vizuri. Karibu kabisa na chini kichuguu kikamtokea mbele, naye akavuta kamba ya upande mmoja kwa nguvu. Parachuti ikageuka na kumtupa. Tulisikia kelele yake kabla ya kumfikia.

Ndani ya gari, tukimpeleka hospitali, kichwa chake kilikuwa mapajani mwangu na kifundo cha mguu kimevimba. Hakunilaumu. Alisema tu, kama anayeshangaa, "Maman, mu zile video yote uwanja iko paka majani, sawa wa football. Miye naliona kichuguu, akili ikasimama."

Mwalimu alisimamisha kuruka. Mimi sikuweza kusimama. Nilizunguka dukani nikipanga upya rafu ambazo hazikuhitaji kupangwa. Kila nilichochagua kilikuwa kizuri, na kila kimoja kilipigwa picha mahali ambapo hakuna hata mmoja wetu atakayetua. Jumapili baada ya misa nilimpigia mwalimu simu. "Twende uwanjani," nikamwambia. "Na tuupige video sisi wenyewe."

Tulitembea asubuhi nzima. Alipanda juu ya kila kichuguu, akainua ufito wenye kitambaa chekundu ili ukubwa uonekane, nami nikapiga kwa simu. Nilipiga moshi wa majani, unavyolala upande mmoja na kuonyesha upepo unatoka wapi. Siku nyingine alikwenda juu na rubani akapiga kutoka angani, vichuguu vikiwa kama chunusi kwenye ngozi. Maneno aliyasema mwenyewe, kwa Kiswahili chetu: "Usiangalie kichuguu. Angalia nafasi yenye kuwa wazi, unaenda kwenye unaangalia. Kama uko chini, usigeuke tena kwa nguvu. Hata upepo iko mu mugongo, tua mbele, miguu pamoja, ubingirike."

Baba alitaka kuiona. Safari hii hakupiga kelele. Aliomba irudiwe, akaomba tena.

"Hii iko Swahili," akasema mwishowe.

"Ndiyo, Papa."

"Njo sababu nimesikia." Akanirudishia simu. "Siku ya kuruka, nitakuja."

Alikuja kweli, amevaa koti lake la misa. Mwenye duka la vipuri alikuja pia, kwa magongo. Sikumbuki nilivyopanda ndege. Nakumbuka mlango, baridi, na mkono wa mwalimu begani. Kamba iliyofungwa kwenye ndege ilifungua parachuti yangu, nikatazama juu, na kamba zilikuwa zimejisokota. Nilisikia mtu anapumua kwa nguvu, nikatambua ni mimi. Mikono ilishika mikanda, ikavuta mbali mbali. Nikapiga teke, nikapiga tena. Dunia ikazunguka upande wa pili, ikasimama, na juu yangu kukawa na kitambaa kilichojaa.

Karibu na ardhi upepo ulibadilika. Nilijua kwa moshi. Mwili wote ulitaka kugeuka. Nilikaza macho kwenye kipande kilichoungua, cheusi, kisicho na kitu, nikaweka miguu pamoja. Nilipiga chini kwa kasi, nikabingirika ndani ya majivu, nikainuka nimekuwa kama muuza makaa. Baba alikuwa anakuja mbio, koti limefunguka, akiita jina la mama yangu badala ya langu.

Watu huniuliza kama baada ya hapo nilipata utulivu. Hapana. Kwa siku nyingi nilitaka kurudi juu, na niliogopa kurudi, yote kwa pamoja. Mwenye duka la vipuri hakuruka tena. Mguu ulipopona alimwomba mwalimu kazi ya chini, na sasa ndiye anayesema na wanafunzi kwa redio wanaposhuka. Ana sauti nzuri kwa kazi hiyo, haina haraka.

Kisha mvua zilianza. Majani yaliota hadi kifuani na kuficha vichuguu vyote, na video yetu ya kiangazi ikawa inaonyesha uwanja mwingine kabisa. Nilimwambia mwalimu tusubiri yakauke. Jibu lake lilikuwa kuleta fimbo mbili. Tuliingia kwenye majani yaliyolowa, tukipapasa mbele kama vipofu, simu yangu nikiwa nimeifunga kwenye mfuko wa plastiki.

"Iko kimoja hapa!" aliita kutoka mahali nisipomwona. "Kuja na kamera, mbio!"

Nikakimbia kuelekea sauti, maji yakiingia viatuni.