Siku Niliyopima Togwa ya Mama Simbeye

Jamani, mkicheka chekeni taratibu, maana hadi leo nikipita Itaka wapo akina mama wanaofunika vibuyu vyao wakiniona, na aibu hiyo nilijipikia mwenyewe.

Nilikuwa nimemaliza shule ya jioni (kwa kishindo, nusu ya Mbozi ilisikia), nikaingia chuo cha madresa, wale wa kufunga vidonda na kugawa dawa, na huko kemia ikanibwaga mara mbili mfululizo. Nikianguka tena, narudishwa nyumbani kupalilia kahawa. Basi likizoni nikamwangukia Simbeye, dresa wa siku nyingi, anifundishe barazani kwao Itaka. Akanipa vikaratasi vya buluu.

"Kikigusa asidi kinakuwa chekundu. Usikariri, ndugu yangu, jaribu!"

Nikajaribu. Ndimu, chekundu! Nyanya, chekundu! Jasho langu (msiniulize)! Hamu ikanishika kama homa. Mara mama yake akaja na kibuyu cha togwa, ule uji wa nafaka uliochachuka, akaonja kwanza yeye mbele ya majirani waliokuwa wakipukuchua mahindi, kama ilivyo desturi ya kumtoa mgeni wasiwasi, kisha akanipa. Nami badala ya kunywa nikachovya karatasi, ikawa nyekundu, nikaruka juu: "Imo! Mama, imo!"

"Kijana kakuta sumu!" jirani mmoja akapiga yowe, mahindi yakamwagika.

"Sumu? Si nimeonja mbele yenu?" Mama akanigeukia. "Leo napimwa kama mchawi, kwangu?"

Nikaeleza asidi kwa Kiswahili, nikaeleza kwa Kinyiha, nikazidi kuharibu. Simbeye akaninyang'anya vikaratasi. "Masomo yamekwisha. Nenda."

Kwa hofu ya jembe nikakikumbatia kile kibuyu, kikubwa kama ndama, nikakimaliza chote huku majirani wakingoja nife. Sikufa. Nilicheua tu, cheuo lililosikika Tunduma, na mama ndiye aliyeangua kicheko.

"Hebu kwanza," akasema akijifuta machozi, "na maji ya majivu je?"

Tukaichovya karatasi ile ile nyekundu kwenye maji ya majivu, ikarudi buluu.

"Sumu imetoka!" jirani akashangilia.

"Simbeye, baba," mama akasema, "mfundishe huyu mpaka ajue, asije akampima mwingine."

Nikafundishwa, nikafaulu mtihani kwa chupuchupu. Lakini tangu siku ile nikikaribishwa kinywaji nakunywa kwanza. Sayansi nitaiuliza kikiwa tumboni.