Shanga za Hamdiya

Hamdiya hakuwahi kumpenda mke wa kaka yake, wala hakujisumbua kuficha. Walishona katika banda moja kwenye kambi ya ndege za mafunzo, kule mkoani Sharqiya. Kazi yao ilikuwa vifuniko vyekundu vya turubai, vya kuziba midomo ya injini ndege zikiwa zimepumzika, vumbi na shomoro wasiingie. Cherehani kubwa ilikuwa ya Hamdiya tangu afiwe na mume. Wifi yake, Itidal, alipewa ile ndogo, na kutwa alikuwa akiikodolea macho ile kubwa.

"Mikono yako haichoki, wifi? Mashallah!"

"Mashallah hiyo imetoka kooni, moyoni haikupita. Shona."

Mara sindano za Hamdiya zikaanza kukatika ovyo. Akajua ni husuda ya nani. Basi akafanya kama mama yake alivyowafanyia ndama na watoto wachanga: kila kifuniko kipya alikishonea kwa ndani ushanga wa buluu, wa kukinga jicho baya. Hakumwomba mtu ruhusa.

Asubuhi moja mafundi wakavua kifuniko, wakakuta uzi unaning'inia, ushanga hakuna. Kambini hata changarawe moja haitakiwi karibu na injini, maana ikimezwa huvunja mapanga ya ndani. Ndege zote zikazuiwa kuruka. Wakubwa kwa wanafunzi wakapiga magoti juani, wakaipekua lami. Mwishowe fundi mmoja mwembamba akajipenyeza kwenye mdomo wa ndege, akautoa humo humo.

Sajini Barsum, msimamizi wa vifaa, akaingia bandani na ushanga kiganjani.

"Wa nani huu?"

"Kwetu sisi tunamtegemea Mungu, sajini," Itidal akawahi. "Mambo ya shanga hatuyajui."

"Wangu," Hamdiya akasema. "Nimeuweka kwa ajili ya macho ya huyu."

"Mama Hamdiya, ungeua rubani!"

Hamdiya hakuwa amemfikiria rubani hata kidogo. Alikuwa amemfikiria Itidal tu.

"Nimekutetea kwa wakubwa mpaka ulimi umekauka," Barsum akasema aliporudi kutoka kwao. "Fumua shanga zote, kisha umwombe radhi wifi yako mbele ya watu. Ukifanya hivyo, cherehani inabaki yako. Usipofanya, utoke."

Alifumua mchana kutwa, kifuniko baada ya kifuniko, bila kubisha, na kila mshono akaupapasa mara mbili. Kazi ilipokwisha, akasimama. Washonaji wakaacha kukanyaga cherehani.

"Nisamehe, Itidal," akasema kwa sauti ya kusikika. "Nilidhani kwa jicho lako ushanga mmoja ungetosha."

Banda likaangua kicheko. Itidal akaiva uso.

"Hiyo si radhi, mama," Barsum akasema.

"Sina nyingine."

"Basi chukua mkasi wako uende."

Akauchukua. Hajafika mlangoni, Itidal kashakalia kiti, viganja vyake vimeing'ang'ania cherehani kubwa.

Jioni kaka yake akaja, amebeba machungwa.

"Dada, sema neno moja tu la heshima, kesho unarudi. Utakula nini?"

"Mkeo amekutuma?"

"Nimejituma mwenyewe."

"Basi jirudishe mwenyewe."

Akafunga mlango, machungwa yakiwa nje. Asubuhi akashika mkasi wake, akaenda ng'ambo ya mfereji kwa wanaoshona magunia ya vitunguu, kuuliza kama wana nafasi.