Kikombe Kilichowekwa Chini

Thabit Aflah alikulia Unguja, akaja Maskati mtu mzima, na mwaka 1997 akafungua ofisi ya uwakili Wattaya, juu ya duka la magari. Mahakamani Kiarabu chake kilikuwa safi. Nje bado walimwita Mzanzibari, kwa kicheko kisicho na ubaya mwingi.

Mwaka 2003 aligombea Majlisi ya Shura, baraza la wawakilishi la Oman. Alikuwa pia akimtetea Filomena, mtumishi kutoka Bukoba, ambaye tajiri wake alikuwa amemfungia pasipoti.

"Fidia sitaki, wakili," Filomena alisema. "Nataka kwenda kwa wanangu. Mdogo hata sauti yangu haijui."

Tajiri huyo alikuwa mtoto wa Marhoon, mzee ambaye ukoo mzima ulipiga kura kwa neno lake. Kabla ya kesi, Marhoon alikuja Ghubra nyumbani kwa Thabit. Alipomiminiwa kahawa, akakiweka kikombe chini. Thabit akakiinua, akampa mkononi.

"Kunywa, ami, inapoa. Hapa ni kwako."

Mzee akanywa, akaaga akitabasamu.

Nasriya, mke wa Thabit, mzaliwa wa Maskati, alitoka ndani. "Umemuahidi nini?"

"Kahawa tu."

"Thabit! Mgeni akiiweka chini, ana haja. Ukimwambia anywe, umeshamkubalia. Na haja yake unaijua."

"Basi nnakwenda kumwambia sikujua."

"Nenda. Wote wasikie kwamba anayetaka kuwasemea hajui hata kahawa yao."

Hakwenda. Kesi akampa wakili mwingine, nayo ikaanguka. Filomena akarudishwa kwa tajiri wake. Thabit akapata kiti. Majlisini alisema juu ya haki za watumishi wa nyumbani, akasikilizwa kwa heshima, kisha wakaingia jambo jingine.

Idd el-Fitri ya kwanza baada ya uchaguzi alikwenda kwa Marhoon. Kahawa ilipokuja, akaiweka chini, mbele ya wageni wote.

"Mzanzibari amejifunza," Marhoon alisema, akageukia wengine. Kahawa ikapoa.

Idd el-Fitri ya mwaka wa pili ikapoa. Ya tatu, wageni hawakuweza tena kutazamana. Ya nne, karibu na mwisho wa ujumbe wake, mzee alikitazama kile kikombe kwa muda mrefu.

"Kunywa," alisema. "Umenitia aibu vya kutosha." Wiki ile pasipoti ya Filomena ikaletwa ofisini Wattaya.

Kabla Filomena hajasafiri, Nasriya alimpeleka dukani kumnunulia yule mdogo viatu.

"Mguu wake mkubwa kiasi gani, shoga?"

Filomena alinyoosha kiganja hewani kama anayepima kimo cha mtoto, akakishusha, akakipandisha kidogo, akabaki nacho hapo.