Tonge la Mkono wa Mukundwa

Pale Bihambwe, ukitaka kumuudhi Nyirabahire, mwambie maziwa anayouza yana maji. Ukitaka akufukuze kabisa uwanjani kwake, mwaga maziwa mbele ya macho yake. Mama huyu mjane amelea watoto kwa ng'ombe wachache na kichwa kigumu, na tangu utoto hajawahi kuacha kitu kibaki kikombeni. Mtoto akibakiza, yeye anamaliza. Ndivyo alivyofundishwa kwao, na jaribu kumwambia vingine, utakiona cha moto.

Basi binti yake, Muhawenimana, akarudi kutoka kambi ya wakimbizi na mtoto wake Mukundwa mgongoni. Loo, mtoto gani yule! Miguu imevimba, nywele zimegeuka rangi, hata kulia hawezi vizuri. Nyirabahire alimpakata akalia kwa sauti, bila haya. Kisha akafuta machozi, akatenga bugali laini, maharage, samaki wadogo wa sambaza waliopondwa na kikombe cha maziwa.

"Kula, mutoto wangu. Miye nimeshiba."

Mukundwa aliposikia neno hilo alifunga mdomo, akamsukumia bibi yake sahani.

Muhawenimana akainamisha kichwa. "Kule kambini tulikuwa tunamudanganya, Mama. Chakula ilikuwa kidogo, nilikuwa namwambia nimeshiba, ili yeye apate. Siku moja akaniona naanguka chini kwa njala. Tangu pale, kama mukubwa hakule, naye hakule."

Nyirabahire alinawa, akakaa mbele ya mtoto. Alikata tonge, akatafuna huku mtoto akimwangalia, akameza. Mukundwa naye akafungua mdomo. Tonge la bibi, tonge la mtoto, mpaka jioni ile mtoto akalala tumbo limejaa. Muhawenimana alipoona hivyo alipata moyo wa kwenda Walikale, kupikia wafanyakazi wa mgodi kwenye njia ya Bisie, ili alete chochote nyumbani.

Sasa, kuna jambo ambalo Nyirabahire hakupenda litajwe: alikuwa na ugonjwa wa sukari. Kwenye kituo cha afya walikuwa wamemweleza ale nini na kiasi gani, na sahani yake mwenyewe aliipima vizuri, hata ungemsifu. Lakini Mukundwa alipoanza kunenepa, bibi naye alinenepa, na kidonda kikatokea kwenye kidole cha mguu na kikakataa kupona.

Muuguzi Adelaïde alikitazama kidonda kile, akamtazama usoni.

"Mama, unakula nini?"

"Mboga ya lengalenga, maharagi, bugali kidogo sana. Vile ulisema."

"Na sahani ya mutoto, nani anaimaliza?"

"Ile haihesabiwe."

"Aka, Mama! Tumbo yako inaihesabu."

Adelaïde hakumficha kitu. Akiendelea hivyo, kidole kitakatwa, na pengine mguu utafuata. Nyirabahire akapandisha hasira. "Kwa hiyo mutoto afe njala ili kidole yangu ipone?" Alitoka bila kuaga. Lakini njiani alipunguza mwendo, maana aliogopa, tena aliogopa sana. Akikatwa mguu, nani atakamua? Nani atakaa chini na Mukundwa?

Akaamua kudanganya. Alikata tonge, akalipeleka mdomoni, akalificha chini ya sahani na kutafuna hewa, mashavu yakicheza kama ya ng'ombe. Mukundwa alimtazama. Akasimama, akashika mdomo wa bibi yake kwa vidole, akaufungua, akachungulia ndani.

"Koko, iko wapi?" akamwuliza bibi yake.

Jamani! Mama mtu mzima, ambaye wanunuzi wa maziwa wanamwogopa, alipatwa na aibu akakosa pa kutazama. Mtoto hakungoja jibu. Alinyofoa bugali kwa vidole vyake vidogo, akamlisha. Tonge lenyewe halikuzidi punje ya mahindi. Nyirabahire akameza, akafungua mdomo kuonyesha. Mukundwa akacheka, akakaa, akala.

Pale pale akili ikamjia. Kuanzia siku ile Nyirabahire aliweka sheria ndani ya nyumba: bugali wa Koko ni ule unaotoka mkononi mwa Mukundwa, basi. Mbele yake mwenyewe aliweka mboga za majani na maharage, akatafuna polepole mpaka mtoto amalize. Na mabaki? Hapo ndipo palipomuuma. Aliyafunika kwa ajili ya saa ambayo mtoto angeona njaa tena, na maziwa yaliyobaki akampa ndama.

Jirani yake Pétronille alipita akawakuta, akacheka mpaka akajishika mbavu. "Mama Nyirabahire! Leo umegeuka mutoto, unalishwa?"

"Nalishwa, ndiyo! Wako wanakulisha?"

Pétronille akaendelea na safari yake.

Kidonda kilifunga polepole. Siku ya kupima watoto, Mukundwa alipanda kwenye mizani mwenyewe, nywele nyeusi, miguu imara, na Adelaïde akaita wenzake waje waone. Kisha akapima sukari ya bibi, akatikisa kichwa kwa furaha. Nyirabahire alirudi nyumbani kifua mbele, akipita katikati ya barabara, na mwenye pikipiki akalazimika kumzunguka.

Muhawenimana akaja kutoka Walikale, amechoka, amekonda. Nyirabahire alipika nyungu iliyojaa. Wakakaa wote watatu. Muhawenimana akatazama chakula, akamtazama mwanawe, na mazoea ya zamani yakamtoka mdomoni kabla hajafikiri.

"Kuleni. Miye nimeshiba."

Nyirabahire akamgeukia Mukundwa upesi. Sasa mtoto atafunga mdomo, alidhani, na kazi yote itakuwa bure.

Mukundwa aliinuka. Alikwenda mpaka kwenye nyungu, akafunua kifuniko, akachungulia ndani. Akarudi, akanyofoa tonge lake dogo, akalipeleka kwenye mdomo wa mama yake.

"Kula, Mama," akasema. "Iko ingine."