Siku Nilipolitoa Gari la Sinema

Kwa miaka minne nimekuwa nikitengeneza, uani kwangu Ilala, gari kama lile nililoliona kwenye sinema nikiwa mdogo. Bati la bodi nililikata kwa mkono, na taa nilizisaka Kariakoo nzima mpaka nikapata zinazofanana. Nikitoka kazini najifungia humo. Mke wangu alichoka, akarudi kwao Moshi, nami nikafurahi kwamba nimepata chumba cha kuwekea rangi.

Jumamosi iliyopita injini ikawaka. Nilikuwa nimemwambia fundi rangi peke yake kwamba nalitoa, lakini nilipochungulia nje nikaona turubai limefungwa mtaani, viti vya plastiki vimejaa watu na sufuria la ubwabwa liko motoni. Nikajua fundi amewatangazia. Machozi yalinilengalenga. Kumbe majirani wananijali.

Nikavaa miwani nyeusi, nikatoka taratibu nikipiga honi na kuwapungia mkono. Hakuna aliyenipungia. Mzee mmoja mwenye kanzu akasimama mbele ya gari.

"Zima, mwanangu."

"Shikamoo, mzee. Si mmekuja kuliona?"

"Marahaba. Tumetoka kumzika Bi Mwanahawa."

"Bi Mwanahawa yupi?"

Wala hakukasirika.

"Jirani yako. Ukuta wako na wake ni mmoja. Ameumwa miezi mitatu. Tulitaka kuja kukuambia uache kugonga mabati, akatukataza. Alisema, mwacheni, angalau nasikia kuna mtu."